Ndege Zinajitangaza Zenyewe, Sisi Tunamsubiri Msemaji

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki kadhaa, kazi za gazetini zimenibana. Leo narudi nikiwa na donge kooni, na donge lenyewe linatuhusu sisi tunaojiita waandishi wa habari. Nyie wasomaji ambao si wanahabari msiondoke, yanawahusu pia. Nyie ndio mnaolishwa tunachopika.

Swali langu ni hili. Kwa nini mwandishi wa habari wa Tanzania, mwenye shahada yake, simu yake na kifurushi chake cha intaneti, akitaka kujua ndege iliyonunuliwa kwa kodi ya mama yake iko wapi, bado anampigia simu msemaji? Msemaji hapokei. Anapiga tena, msemaji yuko kwenye kikao. Saa kumi jioni mhariri anataka habari, basi tunaandika kwamba "jitihada za kumpata msemaji hazikuzaa matunda" na tunaenda zetu kugombania daladala. Jitihada zipi jamani? Simu mbili na ujumbe mfupi ndio jitihada?

Wakati huohuo ndege yenyewe iko angani inapiga kelele. Sitanii. Ndege nyingi za abiria siku hizi zina chombo kinachorusha redioni, kwenye masafa ya megahezi 1090, taarifa za ndege ilipo, urefu iliyopo, kasi yake na mwelekeo wake. Mahali ilipo hutajwa karibu mara mbili kila sekunde. Mfumo huo unaitwa ADS-B. Marekani iliufanya wa lazima kwenye sehemu kubwa ya anga yake kuanzia Januari 1, 2020. Haujafungwa kwa siri yoyote, kwa sababu umetengenezwa ili marubani na waongoza ndege wasikie na kuepusha ajali. Mtu yeyote mwenye antena na kidude cha kupokea mawimbi cha dola 30 au 40 hivi, kikichomekwa kwenye kompyuta ndogo, anasikia pia. Maelfu ya watu duniani wamefunga antena hizo kwenye mapaa ya nyumba zao na wanachangia wanachosikia kwenye mitandao ya pamoja. Mmoja wa mitandao hiyo ni OpenSky Network, ulioanza mwaka 2012 kama mradi wa utafiti wa Uswisi, Ujerumani na Uingereza, na hadi leo si wa biashara.

Najua mtaniambia, "Mbona sisi tunaijua Flightradar24? Tunaangalia vile vindege vya njano kila siku." Hapo ndipo ugomvi wangu na nyie unapoanza. Kuangalia na kuuliza ni vitu viwili. Agosti 2, 2022, Nancy Pelosi alipokuwa anaelekea Taiwan, watu karibu milioni tatu waliifuatilia ndege yake kwenye ramani ile. Walipata nini? Sinema. Ndege ilitua, watu wakafunga simu wakalala. Ramani inakuonyesha sasa hivi tu, na inakuonyesha kile ambacho tayari ulikuwa unakitafuta. Haiwezi kukuambia ndege ipi haijaruka tangu mwezi juzi, kwa sababu ndege isiyoruka haina kijidoti cha kukiangalia. Habari kubwa mara nyingi iko hapo, kwenye kitu kilichotakiwa kuwepo na hakipo.

Kuuliza ni habari nyingine. OpenSky ina mlango wa kompyuta. Unaupa pembe nne za eneo lako (Tanzania inaenea kwenye mstatili wa latitudo -12 hadi -1 na longitudo 29 hadi 41), na unakurudishia orodha ya kila ndege inayosikika humo: namba yake ya utambulisho, jina la safari, longitudo, latitudo, urefu, kasi, iko ardhini au angani, na saa iliyosikika mara ya mwisho. Orodha hiyo unaimwaga kwenye jedwali, kila robo saa, kompyuta inafanya yenyewe wewe umelala. Halafu unalihoji jedwali kwa SQL, lugha ile ile ambayo benki yako inaitumia kujua una deni kiasi gani. Usitishwe na jina. Maneno ya kuanzia ni matatu tu: SELECT ni "nipe", FROM ni "kutoka", WHERE ni "pale ambapo". Mtu aliyeweza kusimamia daftari la michango ya harusi ya binamu yake anaweza SQL.

Mfano. Jedwali langu nimelipa jina la anga. Nataka kujua kila ndege iliyoruka kwa jina la Air Tanzania, ambalo angani huanza na herufi ATC, ilisikika lini mara ya mwisho ikiwa hewani:

SELECT icao24, MAX(last_contact) FROM anga WHERE callsign LIKE 'ATC%' AND on_ground = false GROUP BY icao24 ORDER BY 2;

Basi. Mstari mmoja. Ndege iliyokaa kimya muda mrefu kuliko zote inakuja juu kabisa ya orodha. Hakuna msemaji hapo, hakuna bahasha, hakuna "nipigie baada ya kikao".

Sasa tuone lingetusaidia nini. Novemba 2022 shirika letu la ndege lilitangaza kwamba linapunguza baadhi ya safari kwa sababu ndege zake za Airbus A220 zilikuwa zimesimama kwa matatizo ya injini, tatizo lililoyakumba pia mashirika mengine duniani yenye injini za aina hiyo. Sawa, walitangaza, nawapa haki yao. Lakini baada ya tangazo, nani kati yetu aliendelea kuhesabu? Ndege ipi ilirudi angani lini? Ipi ilikaa siku 40, ipi siku 200? Tulikuja kukumbushwa na ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2022/23, ambayo wananchi waliisikia Aprili 2024: hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56, na ndege kukaa chini ikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka mmoja na nusu! Kwa muda wote huo tuliandika habari za uzinduzi wa safari mpya, na picha za waheshimiwa wakikata utepe.

Au chukua Agosti 2019. A220 yetu ilienda Johannesburg na haikurudi, imezuiwa kwa amri ya mahakama kutokana na madai ya mkulima mmoja dhidi ya serikali. Ndege inayotakiwa kugeuza na kurudi Dar es Salaam, inapopitiliza usiku mzima kwenye uwanja wa watu, hilo ni jambo ambalo jedwali linalijua kabla ya msemaji. Ile Q400 iliyozuiwa Canada mwaka 2017 ni kesi tofauti, haikuwa hata imeanza kazi kwetu, kwa hiyo jedwali lisingesema kitu. Hiyo tuliambiwa na Tundu Lissu. Nawatajia hilo makusudi, ili msije mkasema nauza dawa inayotibu magonjwa yote kama wale wa Kariakoo.

Nimelipeleka wazo hili kwa mhariri mmoja, gazeti silitaji. Alinisikiliza vizuri, mzee wa watu, halafu akaniambia, "Kijana, hiyo ni kazi ya watu wa IT." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, lakini kuhesabu si kazi ya IT, kuhesabu ni kazi ya mwandishi." Akacheka, akanipa kazi ya kwenda kwenye semina hotelini. Semina ilikuwa na posho. Ndiyo hali yetu: mtu anapata usafiri wa kwenda kusikiliza hotuba, lakini hapati siku mbili za kukaa na jedwali.

Wenzetu walishalifanya hili zamani. Mwaka 2015 shirika la habari la Associated Press liligundua kwamba FBI ilikuwa inarusha ndege ndogo juu ya miji ya Marekani kwa kujificha nyuma ya kampuni hewa zisizopungua 13. Kisha BuzzFeed News wakaenda mbele zaidi. Walichukua rekodi za miezi minne za ndege karibu 20,000, wakaifundisha kompyuta kutambua tabia ya ndege za upelelezi: zinazunguka zunguka mahali pamoja, kwa kasi ndogo, kwa muda mrefu. Hawakumpigia simu msemaji wa FBI wamwulize kama ana ndege za siri. Waliuliza jedwali ndege ipi inazunguka kama mwewe aliyeona vifaranga. Pia Marekani, mstaafu mmoja, Thomas Cartwright, alikaa miaka kadhaa akihesabu ndege zinazowarudisha wahamiaji makwao, mwezi baada ya mwezi, mpaka magazeti makubwa yakawa yanamnukuu yeye. Mstaafu! Na sisi wenye nguvu?

Karibu na kwetu, Desemba 2024 Reuters walihesabu safari za ndege zisizopungua 86 kutoka Falme za Kiarabu hadi uwanja mdogo wa Amdjarass, mashariki mwa Chad, tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023. Falme za Kiarabu zinakanusha kupeleka silaha, zinasema ni misaada. Lakini sasa ubishi ni juu ya kilichokuwa ndani ya ndege. Hakuna tena anayeweza kubisha kwamba ndege zilikwenda. Kuusogeza ubishi mpaka hapo ndiyo kazi yetu.

Sasa wacha niwaonye, maana nawajua makanjanja wenzangu. Mtu atasoma haya leo, kesho ataandika habari ya uongo kwa SQL badala ya kuiandika kwa mdomo.

Mtego wa kwanza ni safu inayoitwa origin_country. Ukiisoma haraka unadhani ni nchi ndege ilikotoka. Siyo. Inatokana na namba ya utambulisho, tarakimu sita za mtindo wa kompyuta ambazo kila nchi imegawiwa fungu lake: za Tanzania huanza na 080, za Kenya 04C. Kwa hiyo safu hiyo inakuambia ndege imesajiliwa wapi. Ndege ya Kenya inayopaa Mwanza kwenda Zanzibar itaandikwa Kenya. Ukiandika "ndege kutoka Kenya yaingia Zanzibar" umeshaharibu.

Mtego wa pili, saa. Jedwali linahesabu sekunde, kwa saa za kimataifa. Ongeza saa tatu upate saa za hapa. Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili: saa nne usiku wa manane kwa jedwali ni saa saba kwa saa ya ukutani, na ni saa moja asubuhi kwa bibi yangu. Saa tatu tofauti kwa jambo moja. Nimeshaona mabishano ya watu wazima ambayo chanzo chake kilikuwa hicho tu.

Urefu uko kwa mita, kasi iko kwa mita kwa sekunde (zidisha kwa 3.6), na jina la safari limejazwa nafasi tupu mpaka litimie herufi nane, ndiyo maana ukiuliza kwa alama ya = hupati kitu, ukitumia LIKE unapata. Haya ni madogo.

Lililo kubwa ni hili: kutosikika si kutoruka. Antena inasikia kile inachokiona, mpaka kilomita 300 au 400 kwa ndege iliyo juu sana, na pungufu kabisa kwa ndege iliyo chini. Ndege za jeshi huzima. Mawimbi ya GPS yanavurugwa makusudi kwenye maeneo ya vita. Hata ujumbe wenyewe unaweza kughushiwa, kwa sababu hauna sahihi. Kwa hiyo usikimbilie kuandika kwamba ndege ya umma imekufa eti kwa kuwa hujaisikia siku kumi. Linganisha na ndugu zake. Kama ndege nyingine za shirika hilohilo zinasikika kila siku zikitua Dar es Salaam, kwa antena zilezile, na yeye tu ndiye kimya, basi tatizo haliko kwenye antena. Hapo sasa ndio unampigia simu msemaji. Lakini unampigia ukiwa na tarehe mkononi, na swali lako si "eti kuna tetesi" tena. Swali ni "ndege hii haijaonekana hewani tangu tarehe fulani, kwa nini?" Hilo ni swali ambalo kutojibiwa kwake ni habari.

Kuna watakaosema ni hatari. Ni kweli nchi hii imewahi kuwa na sheria ya takwimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ambayo ungeweza kufungwa kwa kuchapisha namba zinazopingana na za serikali. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019, lakini hofu yake bado imekaa kwenye vyumba vya habari kama moshi kwenye mapazia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 bado ipo. Siwadanganyi kwamba hakuna la kuogopa. Ninachosema ni kwamba mwenye rekodi yuko salama kuliko mwenye tetesi. Kumbukeni Machi 2021. Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari, na mji ukajaa maneno: yuko Nairobi, hapana, amepelekwa India. Watu walikamatwa kwa kueneza uvumi. Machi 17 tukatangaziwa kwamba amefariki hapa hapa Dar es Salaam. Katika siku zile zote vyombo vyetu havikuwa na kitu cha kuthibitisha wala cha kukanusha, vilisubiri. Jedwali lisingetuambia nani mgonjwa wala nani yuko ndani ya ndege. Lingeweza kutuambia ni ndege zipi zilizosikika zikiondoka, na zipi hazikusikika. Kwa siku zile, hata hicho kidogo kilikuwa kikubwa.

Na faragha je? Nina mpaka wangu. Ndege ya kubeba wagonjwa inayotoka Wilson kwenda kumchukua majeruhi Serengeti, hiyo siigusi, hata kama ndani yuko mtu mashuhuri. Ndege iliyonunuliwa kwa fedha za umma, au inayombeba mtu kwa kazi ya umma, hiyo ni yangu na yako. Kati ya hizo mbili kuna matajiri. Elon Musk alimwahidi kijana wa chuo, Jack Sweeney, dola 5,000 aache kutangaza safari za ndege yake, na Desemba 2022 akaifungia akaunti ile kwenye Twitter, pamoja na waandishi kadhaa walioripoti jambo hilo. Mimi binafsi sina haja ya kujua Musk analala wapi. Ila nawaambia angalieni mwelekeo: Marekani tangu 2025 mwenye ndege binafsi anaweza kuomba jina na anwani yake vifichwe kwenye daftari la usajili. Mlango unafungwa polepole, na wanaoufunga si wanyonge.

Unanunuliwa pia. Januari 2023 mtandao wa ADS-B Exchange, uliojengwa na watu wa kujitolea kwa antena zao wenyewe, uliuzwa kwa kampuni ya biashara. Wachangiaji wengi wakaondoa antena zao na kuanzisha mitandao mingine. Sisi hatukuwa na cha kuondoa, kwa sababu hatukuwa tumefunga. Fungueni ramani ya wapokeaji muone Ulaya ilivyojaa, kisha mshuke mpaka Tabora, Rukwa, Ruvuma. Giza. Halafu tukitaka kuandika kuhusu anga hilo tunanukuu shirika la nje.

Hili la kuletewa habari zetu kutoka nje si geni. Rada ya kijeshi tuliyouziwa na BAE Systems kwa pauni milioni 28, ambayo wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa walishasema ni ghali na haifai kwa matumizi ya kiraia, tuliichambuliwa na magazeti ya London. Mwaka 2010 kampuni ile ikakiri mahakamani kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za hesabu, na hatimaye ikatulipa pauni milioni 29.5, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule. Antena ninayoisema si rada, naomba waongoza ndege wasinipigie simu usiku. Rada inaiona hata ndege iliyonyamaza, antena inaisikia ile tu inayosema. Lakini pamoja na kompyuta yake ndogo haifiki dola 100, na gazeti lolote la Dar es Salaam linatumia zaidi ya hapo kwa maji ya kunywa ya mwezi.

Kwa wale waliokuwa wananiuliza kwa barua pepe jinsi ya kuanza: fungueni akaunti OpenSky, someni masharti yao kwa makini, maana data ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara na gazeti linatakiwa kuomba ruhusa kwanza. Rekodi za nyuma kabisa wanawapa zaidi watafiti, kwa hiyo wanafunzi wa vyuo mna nafasi kuliko sisi, tafuteni mwalimu wa kuwasimamia. Mimi jedwali langu lina wiki tano sasa. Ndege moja imekaa juu ya orodha kwa siku 19, ndugu zake wote wanasikika. Jumatatu saa tatu asubuhi nampigia msemaji.